Je, nguzo za jumba lako zina afya?

Huenda wewe msomaji hupimwa shinikizo la damu kila mwaka, lakini hujawahi kuzitazama nguzo za jumba unamolala. Zitazame leo jioni. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikukoseshe usingizi. Uogope ule unaopanuka, unaokata nguzo kwa mshazari au wenye madoa ya kutu.

Maji ya tangi linalovuja hupenya saruji hadi kwenye vyuma. Chuma kikishika kutu huvimba, nacho kikivimba huipasua saruji kutoka ndani. Keyateka akipaka rangi juu yake, ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kutuliza kichwa!

Huko Surfside, Florida, Marekani, jumba la orofa 12 liliporomoka usiku wa Juni 24, 2021 na kuua watu 98. Mhandisi alikuwa ameonya tangu 2018 kwamba maji yanaharibu saruji. Hapa kwetu, jumba la Huruma, Nairobi, lililoanguka Aprili 2016 lilikuwa limekwisha kuamriwa libomolewe, ilhali watu waliendelea kupangisha humo.

Kama umenunua nyumba katika jumba la ghorofa, sheria ya mwaka 2020 inawapa wenye nyumba chama cha kutunza paa, ngazi na nguzo. Hudhuria mikutano yake. Dai mhandisi aliyesajiliwa, si fundi wa mtaani.

Na milango ikianza kukwama ghafla huku kuta zikilia, wachukue watoto mtoke. Vyombo viacheni.