Kabla ya Kuchangisha, Tuulize Baitul-Mal

  

Tumeulizwa mas'ala na imamu wa kijiji, mwanafunzi wetu wa siku nyingi. Kijiji chao kina kisima cha pampu, na kwa miaka kadhaa watu wamekuwa wakilipa shilingi 50 kwa kila ndoo. Pampu ikaharibika. Siku ya Ijumaa, kabla ya khutba, akaletewa karatasi awatangazie watu kwamba kila kaya itoe mchango wa matengenezo, na awakumbushe thawabu za kuwanywesha viumbe maji. Akatuuliza: je, yajuzu kuisoma karatasi hiyo? Na akiuliza kwanza fedha za ndoo zimekwenda wapi, je, atakuwa amechochea fitna?

Tunajua kwamba hayuko peke yake. Maimamu wengi hupokea karatasi za namna hii, leo ni zahanati, kesho ni vyoo vya shule, na wengi huzisoma bila kuuliza kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kheri. Ni kweli kuwa ni ya kheri. Lakini maulamaa wetu wameweka mpangilio katika jambo hili, na mpangilio huo umesahauliwa.

Imamu Abul-Hasan Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058 Miladia), ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika pwani yetu. Katika kitabu chake Al-Ahkam As-Sultaniyya, mlango wa hisba, ameitaja sura iliyo karibu sana na ya kijiji hiki: mji ambao maji yake ya kunywa yamekatika, au ukuta wake umebomoka. Nani atengeneze? Jibu lake ni kwamba hutazamwa kwanza Baitul-Mal. Ikiwa ina mali, na kuitoa hakuleti madhara kwa Waislamu, basi muhtasib ataamuru maji yatengenezwe kwa mali hiyo. Ikiwa Baitul-Mal imeishiwa, hapo ndipo jukumu linapowaelekea watu wa mji, na hata hapo linawaelekea wenye uwezo.

Ndugu msomaji, rudia kuyatazama maneno hayo mawili ya mwisho. Hakusema kila kaya. Mjane anayeuza maandazi hakutiwa humo. Karatasi inayomtoza yeye sawasawa na mwenye duka na mwenye lori imekwenda kinyume na kitabu mara mbili: imeiruka Baitul-Mal, kisha imemtwisha asiyekuwa na uwezo.

Tena msidhani kuwa huu ni ukali wa wakati wa raha. Mwaka 657 Hijria (1259), Watatari walikuwa wamekwisha kuiangusha Baghdad mwaka mmoja kabla, na walikuwa wakiikaribia Sham na Misri. Qutuz alitaka kuwatoza raia wa Misri mali ya kuliandaa jeshi, na maulamaa wakakusanywa kutoa rai. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salam, aliyepewa jina la Sultanul-Ulamaa, alijuzisha kuchukua kwa watu, lakini kwa sharti: kwanza isibakie kitu katika Baitul-Mal, na maamiri wauze mikanda yao ya dhahabu na vitu vyao vya thamani, kila askari abakie na kipando chake na silaha yake, wawe sawa na watu wa kawaida. Kuwatoza watu huku mali za thamani zimo mikononi mwa wanajeshi, hakukujuzisha. Mwaka uliofuata, mwezi wa Ramadhani, jeshi la Misri liliwashinda Watatari pale Ain Jalut. Ikiwa sharti hili lilishikwa na adui yumo njiani, kwa pampu ya maji litashikwa kwa haki zaidi.

Huenda mwanafunzi wa fiqhi akatupinga hapa, na pingamizi lake lina mashiko: hazina ya serikali ya leo si Baitul-Mal. Mapato yake ni kodi na ushuru, watawala wake na raia wake ni wa dini mbalimbali. Tunakubali kuwa hukumu zote za Baitul-Mal hazihamii hapa. Lakini illa ya mas'ala yetu ipo: ni mali ya watu wote, imewekwa mikononi mwa wachache ili iwatumikie wote. Hiyo ni amana, na Allah (S.W.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe bila kubagua wenyewe hao ni wa dini gani. Jirani Mkristo anayechota katika kisima hicho hicho ana haki ya kuuliza kama tuliyo nayo sisi, na ni bora tuulize pamoja naye.

Basi Baitul-Mal ya kijiji itajulikanaje ina nini? Hapa ndipo tunapowaona wengi wetu tuna uvivu. Tunaijua milango ya kitabu cha tohara, lakini hatuujui mlango wa ofisi ya kijiji. Kwa Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 imeweka Mkutano Mkuu wa Kijiji, na kila mkazi aliyefikia umri wa miaka 18 ni mjumbe wake. Hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mahali pa kusomewa mapato na matumizi. Juu ya hapo yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliyewekwa na ibara ya 143 ya Katiba, ambaye kila mwaka hutoa ripoti na miongoni mwake mna inayohusu halmashauri. Huduma ya maji vijijini nayo, tangu sheria ya mwaka 2019, huendeshwa na vyombo vya watumia maji chini ya usimamizi wa RUWASA. Fedha za ndoo zina daftari lake na zina watu wake. Kwa ndugu zetu wa Kenya, ibara ya 201 ya Katiba ya mwaka 2010 imeutaja uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi kuwa ni misingi ya fedha za umma. Anayeuliza katika milango hii hajatoka katika utiifu, kwa sababu milango yenyewe imefunguliwa na dola.

Na kuuliza kuna athari. Wenzetu wa Uganda walifanyiwa utafiti wa shule za msingi uliohusu miaka ya 1991 hadi 1995. Serikali kuu ilikuwa ikitoa ruzuku kwa kila mwanafunzi. Ilipofuatiliwa ikaonekana kwamba katika kila shilingi 100 ya ruzuku hiyo isiyokuwa ya mishahara, zilizofika shuleni kwa wastani ni 13 tu. Baada ya hapo serikali ikaanza kuvitangaza magazetini viwango vinavyopelekwa wilayani, na shule zikatakiwa zibandike ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wataalamu wamebishana kiasi gani cha mabadiliko hayo kimetokana na magazeti na kiasi gani kimetokana na marekebisho mengine yaliyofanywa wakati huo huo. Sisi linalotutosha ni hili: mzazi ambaye hakujua shule ya mwanawe imepelekewa kiasi gani hakuwa na la kuuliza, na aliyejua alikuwa nalo.

Sasa turudi kwenye swali la fitna, ambalo ndilo lililomtia hofu mwanafunzi wetu. Wapo wanaosema: Allah (S.W.) Ameamrisha katika aya ya 59 ya sura hiyo hiyo kuwatii wenye mamlaka, basi nyamazeni. Wanaisahau sehemu ya pili ya aya, inayosema kwamba mkizozana katika jambo lirudisheni kwa Allah na Mtume. Na tukilirudisha kwa Mtume (S.A.W.) tunakuta katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Abu Humaid As-Saidi (R.A.), kwamba alimtuma Ibnul-Lutbiyya kukusanya sadaka za Banu Sulaim, na aliporudi akamhesabia. Yule akatenganisha: hiki chenu, hiki nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo itamfuata. Kisha akawahutubia watu kulieleza jambo hilo hadharani, na katika hotuba yake akataja kitendo cha mtumishi aliyemtuma bila ya kumtaja jina.

Kuna kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) kuulizwa juu ya kipande cha nguo alichozidi wenzake, na wengi wetu tunakipenda mimbarini. Hakimo katika Sahihi mbili, kwa hiyo hatukijengei hoja. Tunacho kilicho thabiti zaidi, na kinafaa zaidi, nacho kimo katika Bukhari, Kitabu cha Adhana.

Watu wa Kufa walimshitaki gavana wao kwa Umar (R.A.). Gavana huyo ni Saad bin Abi Waqqas (R.A.), mmoja katika kumi waliobashiriwa Pepo. Walimlalamikia mpaka wakasema haswalishi vizuri. Umar akamwita, akamuuliza, Saad akaeleza kwamba anawaswalisha sala ya Mtume (S.A.W.), anarefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho. Umar akamwambia kuwa hiyo ndiyo dhana yake kwake. Mtu angetarajia jambo liishie hapo. Halikuishia. Alimrudisha Kufa pamoja na mjumbe, na mjumbe akapita msikiti hadi msikiti akiwauliza watu, Saad mwenyewe akiwapo. Wote walimsifu, mpaka walipofika msikiti wa Banu Abs, akasimama Usama bin Qatada akadai kuwa Saad hatoki na jeshi, hagawi mali kwa usawa, wala hahukumu kwa uadilifu.

Usama alikuwa anasema uongo. Saad alimwombea dua kwamba ikiwa ni mwongo aliyesimama kwa ria, Allah Amrefushie umri na ufukara na Amkabilishe na fitna, na mpokezi wa hadithi anasimulia kumwona uzeeni, nyusi zimemwangukia machoni, akiwabughudhi wasichana njiani. Hilo ni onyo kwa anayebeba uvumi wa barazani akauita ukaguzi. Lakini tazameni na upande wa pili. Umar alimdhania Saad kheri, na bado akapeleka mjumbe. Aliulizia ndani ya misikiti, na hakuna aliyesema misikiti imenajisiwa kwa siasa. Na alipokuwa anakufa, Umar alimweka Saad katika wale sita wa kushauriana juu ya ukhalifa, akaeleza kuwa hakumuuzulu kwa udhaifu wala kwa khiyana. Saad hakuvunjiwa heshima kwa kuulizwa.

Al-Mawardi, katika mlango wa madhalimu, ameongeza lingine: dhuluma za magavana kwa raia, jeuri ya wakusanya mapato, na mwenendo wa waandishi wa daftari ni mambo ambayo mwenye kutazama madhalimu huyafuatilia bila kungoja mlalamikaji. Kwa hiyo jibu la kwamba "hakuna aliyelalamika" halikubaliki katika fiqhi yetu.

Tulimwandikia mwanafunzi wetu kwamba asiisome karatasi kwa sasa, na kwamba asimtuhumu mtu mimbarini. Aende kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili, mmoja wao asiwe Mwislamu, waombe daftari la maji lisomwe mkutanoni. Tukamwongezea jambo ambalo halikumfurahisha: kabla ya kwenda, kamati ya msikiti wake ibandike ukutani mapato ya masanduku ya Ijumaa na kodi ya nyumba ya wakfu, kwani tulijua hayajasomwa kwa miaka mitatu. Alikawia wiki nzima kutujibu.

Yalibandikwa. Mkutano nao ulifanyika, na daftari la maji likasomwa. Fedha zilikuwapo, ingawa pungufu kuliko ndoo zilizohesabiwa na akina mama waliokuwa wakichota, na ndio waliokuwa na hesabu nzuri kuliko wote. Pampu ilitengenezwa kwa kilichokuwapo, na kilichobakia kikatolewa na wenye maduka watatu. Kilichopungua hakijarudishwa hadi tunaandika haya. Kinaulizwa kila mkutano.