Kusomea Afya ya Jamii kwa Njia ya Mtandao

Afya ya jamii ni taaluma inayoangalia afya ya watu wengi kwa pamoja, tofauti na tiba inayomshughulikia mgonjwa mmoja mmoja, na ndiyo maana anayeisomea hujifunza epidemiolojia, yaani elimu ya namna maradhi yanavyoenea na visababishi vyake, pamoja na takwimu, lishe, usafi wa mazingira na uendeshaji wa huduma. Kwa kuwa masomo hayo yanahitaji zaidi kusoma, kukokotoa na kujadiliana kuliko kumgusa mgonjwa, yamehamia mtandaoni kwa wepesi ambao upasuaji hauwezi kuupata.

Faida kubwa ya njia hii, kuliko hata unafuu wa nauli na malazi, ni kwamba mwanafunzi haondoki kazini. Mwaka 2005 nchini Kenya, shirika la Amref na Baraza la Wauguzi walianzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta ya kuwapandisha wauguzi kutoka ngazi ya cheti hadi stashahada, kwani kuwaita maelfu yao madarasani kungeacha wodi na zahanati bila wahudumu. Nadharia ilisomwa kwenye kompyuta, lakini mafunzo ya vitendo yalibaki hospitalini chini ya wasimamizi, na mgawanyo huo ulikuwa wa busara.

Hata hivyo, kozi za mtandaoni hazina uzito sawa. Jukwaa la OpenWHO, lililoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, limetoa kozi fupi bila malipo, na mwezi Mei 2020 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilitoa kupitia jukwaa la Coursera kozi ya kufuatilia watu waliokutana na wagonjwa wa UVIKO-19. Hizo huongeza maarifa, na kwa mhudumu wa kijijini zina thamani ya kweli, lakini vyeti vyake si shahada. Anayetaka shahada ya uzamili kutoka chuo cha nje, kama ile inayotolewa kwa masafa na Chuo Kikuu cha London, aulize mapema kama itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu nchini Tanzania au na mamlaka ya nchi yake, kabla ya kulipa ada. Aulize pia kama utafiti wake ataruhusiwa kuufanya katika wilaya anayoihudumia, kwa sababu kipindupindu cha mtaa wake hakielezwi vya kutosha na takwimu za mji wa mbali.