Kukimbia Ufuoni Mombasa: Mama, Jihadhari na Joto

Likizo ya Desemba ikifika, familia nyingi za Nakuru, Njoro, Gilgil na Molo hufunga safari kwenda Mombasa. Siku hizi akina mama wengi hukimbia asubuhi kwa sababu ya uzito, presha au sukari, na hata wakisafiri hawataki kuacha. Vizuri sana. Leo nataka tuzungumze juu ya njia moja nzuri ya kukimbilia huko, pamoja na hatari ambayo sisi watu wa Bonde la Ufa hatuioni mapema.

Anzia upande wa feri ya Likoni, ufuate barabara ya Mama Ngina kando ya bahari. Utaona mibuyu mikubwa, na meli za mizigo zikipita karibu kuelekea Kilindini, hata watoto huzipungia mikono. Ukiendelea utafika Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Ukiipita unaingia Mji wa Kale, penye barabara ya Ndia Kuu, milango ya nakshi na bandari ya zamani ya majahazi. Hapo acha kukimbia, utembee. Vichochoro ni vyembamba, na tuktuk na mikokoteni hutokea ghafla. Vaa nguo pana ya pamba inayofunika mabega na magoti. Ni heshima kwa wenyeji, na pia hupitisha hewa.

Sasa tuje kwa joto. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Watu husema ukishuka Pwani pumzi huwa nyingi, utakimbia kama swara. Ni kweli hewa ya huko ina oksijeni zaidi, lakini pumzi siyo yote. Unapokimbia mwili hutoa joto, na jasho likikauka ngozini ndilo linaloupoza. Jasho ni kama nguo ulizoanika. Penye upepo mkavu hukauka upesi, lakini siku ya unyevu hushinda kwenye kamba. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Jasho hutiririka bila kukauka, na joto hubaki ndani.

Tarehe 24 Machi 2007, Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yalifanyika Mombasa, katika uwanja wa gofu ulio karibu na ufuo huo huo. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa kila mwaka tangu 2002, alishindwa na joto akaacha mbio katika mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ikiwa Bekele alizidiwa, sembuse mimi na wewe?

Kwa hivyo siku za kwanza tembea tu, kisha ongeza kidogo kidogo. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea. Toka alfajiri kunapopambazuka, na uwe umerudi kabla ya saa mbili. Kunywa maji kabla ya kutoka na ukirudi. Dafu pia ni zuri. Angalia mkojo wako: ukiwa na rangi ya strungi, maji hayajatosha. Mama mjamzito, kutembea kunakufaa zaidi. Uliza kliniki yako kabla ya safari. Anayenyonyesha aongeze maji. Mtoto mdogo usimkimbize juani, na usimfungie ndani ya gari hata dakika tano. Shosho au gogo akae kivulini. (Na mbu je? Beba neti, lakini malaria ina kipindi chake.)

Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma au misuli kukaza, simama. Ingia kivulini, legeza nguo, unywe maji au ORS polepole. Lakini mtu akianza kuongea ovyo, akiyumba kama mlevi, akizimia au kupata degedege na mwili wake una joto kali, hiyo ni dharura, hata kama bado anatoka jasho. Usimpe kinywaji, kwa maana kinaweza kumpalia. Mwite mtu atafute gari la hospitali, na wewe mmwagie maji mwili mzima na kumpepea kwa leso. Usingoje gari lifike ndipo uanze, na hata mkiwa njiani endelea kumlowesha.