Ukipanga safari, acha nafasi ya kuketi



Wiki chache zilizopita, baada ya Misa ya asubuhi hapa Msimbu, mama mmoja wa jumuiya alinisubiri nje ya kanisa akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanawe anafanya kazi Ulaya. Hawajaonana kwa miaka tisa, na baba yake alipofariki kijana hakuweza kuja kuzika. Sasa amejinyima, amemtafutia mama yake tiketi na viza, naye anataka kumtembeza kwa gari kusini-magharibi mwa Ufaransa na kaskazini mwa Hispania. Karatasi ile ilikuwa ratiba.

"Baba, nisomee," akasema. "Halafu uniambie kama nitaweza."

Nikasoma. Siku nane. Bordeaux, Lourdes, Pamplona, Burgos, León, Santiago de Compostela, kisha kurudi Bordeaux kwa kupita pwani. Kila usiku kitanda kipya. Lourdes ilipewa saa tatu tu, baada ya chakula cha mchana na kabla ya kuvuka milima.

Kijana huyu si mzembe. Amehesabu ushuru wa barabara kuu za Ufaransa. Gari la kukodi atalirudisha palepale alipolichukulia, kwa sababu kuliacha nchi nyingine huongeza gharama. Anajua kwamba viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote mbili, na kwamba haitolewi bila bima ya afya ya msafiri. Ndivyo alivyotufundisha Bwana katika Injili ya Luka, sura ya 14, kuhusu mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi akapiga hesabu. Kupanga ni busara, na busara ni fadhila. Ila kuna kitu kimoja hakikuhesabiwa, nacho ni miguu ya mama.

Njia hiyo ina historia ndefu ya kupangwa. Katika karne ya 12 tayari kulikuwa na mwongozo wa mahujaji waendao Santiago, ndani ya kitabu kiitwacho Codex Calixtinus. Unagawa njia ya Hispania katika vituo 13, na unaeleza mito yenye maji salama na ile inayoua farasi. Hata leo, anayetembea kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, hadi Santiago huenda karibu kilomita 780, na kwa wengi ni safari ya mwezi mzima au zaidi.

Kwenye njia hiyo upo mji unaoitwa Santo Domingo de la Calzada, kwa jina la mtakatifu aliyefariki mwaka 1109. Inasimuliwa kwamba watawa walikataa kumpokea. Basi akaenda kufyeka msitu, akatengeneza barabara, akajenga daraja na nyumba ya kuwapokea mahujaji. Utakatifu wake ulipita kwenye miguu ya wengine. Aliwaza mahali watakapojikwaa, mahali watakapovuka na mahali watakapolala.

Nami nisijifanye mwalimu. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga hija ya siku moja: Pugu, walikofika Wabenediktini mwaka 1888, kisha Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni mwaka 1868, na kurudi nyumbani kabla ya giza. Nilikuwa na saa mkononi na filimbi mdomoni. Dakika ishirini hapa, dakika ishirini pale. Tulipofika Bunju jioni, kiti kimoja kilikuwa kitupu. Tulikuwa tumemwacha mzee wetu mmoja. Waliokuwa basi la kwanza walidhani yuko la pili, na wa la pili walidhani yuko la kwanza, kama Maria na Yosefu walivyodhani kwamba Mtoto yumo msafarani, wakaenda mwendo wa siku nzima.

Tulirudi mbio tukamkuta ameketi chini ya mbuyu, rozari mkononi. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza: "Usijali, Baba. Mlipoondoka ndipo nilipopata kusali."

Neno lile halijanitoka mpaka leo. Katika msafara mzima wa mahujaji, aliyehiji alikuwa yule tuliyemsahau.

Basi nikamuuliza mama, "Katika majina haya yote, unalijua lipi?" Akasema Lourdes tu. Nikamsimulia habari za Bernadette, binti wa msaga nafaka aliyefilisika, ambaye familia yake iliishi katika chumba kilichokuwa jela. Tarehe 11 Februari 1858, akiwa na umri wa miaka 14, alikwenda kutafuta kuni na wenzake, akamwona Bibi katika pango. Hadi tarehe 16 Julai alikuwa amemwona mara 18.

Mama akanishika mkono. "Alikuwa anaokota kuni?"

"Ndiyo, mama. Kuni."

"Basi hapo ndipo nataka kukaa."

Tukachukua kalamu. Lourdes ikapata usiku nne, ili jioni ashiriki maandamano ya mishumaa bila kuharakishwa, na asubuhi akae pangoni kadiri atakavyo. Kisha mwendo mfupi hadi Saint-Jean-Pied-de-Port, na kuvuka mlima hadi Roncesvalles, ambako mahujaji hubarikiwa baada ya Misa ya jioni. Kutoka hapo ni Javier, kwenye ngome alimozaliwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri mwaka 1506, yeye aliyetia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea India. Wakati wa kurudi, Loyola, alikozaliwa Mtakatifu Inyasi. Burgos, León na Santiago tukazifuta.

Jioni tukampigia kijana simu. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Baba, nilitaka aone kila kitu. Naogopa hatutapata nafasi nyingine."

Kabla sijajibu, mama akasogea kwenye simu. "Mwanangu, hao watakatifu nawaombea hata nikiwa hapa Msimbu. Mimi nakuja kukuona wewe. Nataka tukae, nikueleze baba yako alivyokufa."

Mpendwa msomaji, maneno kama hayo hayasemwi ndani ya gari linalowahi hoteli ya Burgos. Yanahitaji benchi, na saa moja isiyo na kazi. Eliya alipochoka jangwani, kama tunavyosoma katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, malaika hakumpa hotuba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu.

Huenda wewe hutafika Lourdes. Lakini utapanga kwenda Namugongo tarehe 3 Juni, au kupeleka watoto kwa bibi yao wakati wa Krismasi. Kabla ya kuijaza karatasi, jiulize mambo matatu. Nani dhaifu kuliko wote katika msafara huu, na je, ratiba inamfaa yeye? Dereva atalala wapi, na kwa saa ngapi? Na ni wakati gani hatutakuwa na la kufanya ila kuketi pamoja?

Mama na mwanawe wataanza safari yao mwezi Septemba, Mungu akipenda. Ile karatasi ameiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Tuwakumbuke katika sala zetu, na tumkumbuke marehemu baba yao ambaye bado hajaliliwa na mwanawe.

Nakutakia Dominika njema.