Joto Lililomchoma Chatu Ndilo Litakalomponya

Ni usiku wa Januari nchini Uingereza. Nje baridi ni kali. Ndani ya sanduku la kioo, chatu wa kifalme amejilaza juu ya jiwe la bandia linalopashwa moto kwa umeme. Hakuna thamostati ya kulidhibiti. Jiwe linazidi kupata moto, naye hasogei. Asubuhi mwenye nyoka anamnyanyua na kukuta magamba ya tumboni yamekuwa mekundu, mengine yamefura malengelenge. Majeraha ya namna hii ni miongoni mwa yale ambayo madaktari wa wanyama huyaona mara nyingi kwa nyoka wanaofugwa.

Jambo hili linashangaza, maana chatu amejaliwa uwezo mkubwa wa kuhisi joto. Midomoni ana vishimo vidogo vinavyomwezesha kumgundua panya gizani kwa joto la mwili wake tu. Lakini vishimo hivyo viko usoni, na kinachoungua ni tumbo. Tena mwili wake hauzalishi joto la kutosha kujitegemea, huliazima nje. Katika sanduku lenye baridi, jiwe lile ndilo tegemeo lake pekee, hivyo hulikumbatia mpaka limuunguze polepole.

Kwao, chatu huyu hana shida hiyo. Ni mwenyeji wa Afrika, kuanzia Senegal hadi Uganda, ambako hujificha katika mashimo ya panya na vichuguu. Akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Hana sumu, na mara nyingi huwa na urefu wa kati ya mita moja na moja na nusu. Umri wake ni mrefu: mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu jike wa aina hii aliyekadiriwa kupita miaka 60 alitaga mayai. Kumwokoa chatu mmoja mchanga, basi, huenda kukamwongezea miongo kadhaa ya maisha.

Saa za kwanza ni za utulivu. Aondolewe kwenye moto, kidonda kimwagiwe maji ya baridi ya kawaida, yasiwe ya barafu. Asipakwe mafuta wala dawa ya meno. Maranda na udongo hunata kwenye kidonda, kwa hiyo alazwe juu ya karatasi safi nyeupe, ambayo pia itaonyesha damu au majimaji yanayovuja. Kisha apelekwe kwa daktari anayewajua reptilia. Hata jeraha likionekana dogo asicheleweshwe, kwa sababu kina cha kuungua huweza kujidhihirisha baada ya siku kadhaa.

Daktari humpa dawa ya maumivu na kumrudishia maji aliyopoteza, kisha husafisha kidonda na kukipaka krimu yenye madini ya fedha inayozuia bakteria. Usaha wa nyoka hauchuruziki kama wetu. Huganda mfano wa jibini, na jipu likijitokeza mara nyingi hulazimu kupasuliwa. Antibiotiki huchomwa sehemu ya mbele ya mwili, kwa kuwa damu itokayo nyuma inaweza kupitia kwenye figo kabla ya kuzunguka kwingine. Antibiotiki iitwayo seftazidimu, ambayo mgonjwa binadamu kwa kawaida huchomwa kila baada ya saa 8, nyoka huchomwa kila baada ya saa 72. Mwili wake huitoa dawa polepole mno.

Hapo ndipo joto linaporudi, safari hii kama tiba. Kinga ya nyoka hulegea akipoa na kuchangamka akipata joto. Kwa hiyo upande mmoja wa sanduku hutunzwa kwenye nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, na upande wa pili huachwa na ubaridi kiasi ili achague mwenyewe. Bila joto hilo, hata dawa nzuri hufanya kazi nusunusu.

Kuhusu chakula, mwenye nyoka asiwe na papara. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula. Akishapata nguvu apewe panya mdogo aliyekufa; panya hai huweza kumng'ata na kumwongezea vidonda.

Kupona huchukua wiki, pengine miezi, na hatua zake husomeka kwenye ngozi. Kila anapojivua gamba, sehemu iliyoungua hufunikwa na ngozi mpya zaidi, ingawa kovu na magamba yaliyopinda huweza kubaki.

Kabla hajarudi kwenye sanduku lake, jiwe lile litupwe. Taa ya joto iwekwe juu na kuzungushiwa wavu, thamostati ifungwe, na mahali atakapolala papimwe kila siku. Chatu akiungua hapigi kelele. Anayemfuga ndiye anayepaswa kujua mapema, na wa kumwambia ni kipimajoto.