Wimbo wa Jua Usio na Mizani

Ninyi mliozoea kuhesabu mizani kwa vidole, 8 upande huu na 8 upande ule, mkiusoma Wimbo wa Viumbe wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi mtasema, "Hili si shairi!" Mstari mmoja ni mfupi, wa pili mrefu kama kamba ya ng'ombe. Vina navyo hugusana kidogo, kisha huachana.

Lakini sikilizeni. Kila anapotaja kiumbe kipya, jua, mwezi, upepo, maji, moto, ardhi, huanza tena na neno lile lile la kumsifu Bwana. Kibwagizo chetu hukaa mwishoni mwa ubeti, hata litania huitikiwa mwishoni. Yeye amekiweka mlangoni. Basi kabla hujasikia kiumbe, umekwisha kumsikia Muumba.

Aliutunga mwaka 1225, kwa lugha ya kwao, si Kilatini. Wakati huo macho yalimwuma hata hakuweza kuvumilia mwanga. Jua lilimtesa, naye amelitaja la kwanza, tena amelipa jina la kaka! Ubeti wa mauti, aliyoyaita dada, aliuongeza alipokaribia kufa mwaka 1226. Nao unaanza na neno lile lile.