Usiandike Ambacho Rula Haikuonyesha

Chukua daftari na rula yako ya sentimita 30. Pima urefu na upana wa jalada, kisha tafuta eneo lake. Tuseme umepata urefu wa sm 20.3 na upana wa sm 16.4. Ukizidisha kwa kikokotoo utapata 332.92. Wanafunzi wengi huandika jibu hilo lilivyo, halafu hushangaa mwalimu anapowakata alama ilhali wamezidisha vizuri. Ni kweli wamezidisha vizuri. Tatizo ni kwamba wamedai jambo ambalo rula haikuwaambia.

Tuanze na rula yenyewe. Nafasi ndogo kabisa kati ya mstari na mstari ni milimita 1, yaani sm 0.1. Ukingo wa daftari ni nadra kuangukia juu ya mstari sawasawa, kwa hiyo tunachagua mstari ulio karibu zaidi. Tukiandika sm 20.3 tunamaanisha kwamba urefu wa kweli uko kati ya sm 20.25 na sm 20.35. Anayeandika sm 20.30 anadai ameona hadi sehemu ya kumi ya milimita, na kazi hiyo ni ya vania kalipa, si ya rula.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Ukingo ukiangukia kwenye alama ya 8, andika sm 8.0, si sm 8. Sifuri hiyo si pambo. Inamwambia msomaji kwamba uliangalia milimita na hukukuta hata moja ya kuongeza. Ukiandika 8 peke yake, atadhani ulipima kwa sentimita nzima tu.

Tarakimu zinazotokana na kipimo kwa namna hii huitwa tarakimu za maana. Tarakimu yoyote isiyo sifuri huhesabiwa. Sifuri iliyo katikati huhesabiwa, kama katika 20.3 yenye tarakimu tatu. Sifuri ya mwisho baada ya nukta huhesabiwa pia, kwa hiyo 8.0 ina mbili. Sifuri za mwanzo hazihesabiwi, kwani huonyesha tu mahali pa nukta: sm 8.0 ni sawa na m 0.080, na bado tarakimu za maana ni mbili.

Sasa turudi kwenye jalada. Chukua vipimo vidogo kabisa vinavyowezekana: 20.25 × 16.35 ni kama 331.1. Chukua vikubwa kabisa: 20.35 × 16.45 ni kama 334.8. Eneo la kweli liko mahali fulani kati ya hapo. Ikiwa hata tarakimu ya tatu ina shaka, ile .92 inatoka wapi? Kwa hiyo tunaandika sentimita za mraba 333. Kanuni ni hii: katika kuzidisha na kugawanya, jibu lisiwe na tarakimu za maana nyingi kuliko kipimo chenye chache zaidi. Katika kujumlisha na kutoa tunaangalia nafasi za desimali: sm 20.3 ukijumlisha sm 1.46 ni sm 21.8. Kadiria mwishoni tu, si katikati ya hesabu.

Vitu vilivyohesabiwa kimoja kimoja havina shaka hiyo. Rimu ya karatasi 500 ikiwa na unene wa sm 5.0, karatasi moja ina unene wa sm 0.010. Hapo 500 ni idadi kamili, na tarakimu mbili za jibu zimetokana na 5.0.

Lakini kanuni hizi hazitamsaidia anayesoma vibaya. Weka jicho wima juu ya alama, kwa maana ukitazama kwa upande alama huonekana imesogea. Ikiwa ncha ya rula imelika, anzia kwenye alama ya 1 kisha utoe: 9.4 kutoa 1.0 ni sm 8.4.

Katika mtihani wa vitendo, msahihishaji hakuwepo ulipokuwa unapima. Hali kadhalika fundi atakayekata kioo kwa namba uliyomtumia. Kila mmoja wao ataiamini tarakimu yako ya mwisho, basi iwe ni tarakimu uliyoisoma kwa jicho lako.